Jino Linalouma Halisubiri Ujifungue

Mwanamke yeyote aliyebeba mimba Tanzania anaijua kadi ya kliniki. Humo huandikwa uzito, shinikizo la damu, wekundu wa damu, majibu ya mkojo, ya kaswende na ya VVU, na tarehe alizomeza dawa ya malaria na ya minyoo. Muuguzi hupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, husikiliza mapigo ya moyo wake, hufunua kope la mama kuona kama ana upungufu wa damu, kisha humkumbusha kulala ndani ya chandarua. Ni huduma nzuri na imeokoa wengi. Lakini mama anaweza kumaliza mahudhurio yote, hata yale manane ambayo Shirika la Afya Duniani limeyapendekeza tangu 2016, bila mtu kumwambia afungue mdomo.

Kwa hiyo usisubiri kuulizwa. Siku ya kwanza ya kliniki, kabla hujanyanyuka kitini, sema: "Nesi, fizi zangu zinatoka damu." "Nesi, nina jino lina tundu." Akikwambia hilo si la pale, muulize ni la wapi, na umwombe akuandikie rufaa ya kitengo cha kinywa na meno. Manesi wetu wana foleni ndefu na dakika chache kwa kila mama. Lisilosemwa hupita.

Tuanze na hizo fizi, maana ndizo zinazowatisha wengi. Kuanzia mwezi wa pili hivi, homoni za ujauzito, estrojeni na projesteroni, hupanda sana mwilini. Damu huongezeka kwenye fizi na fizi huwa rahisi kuchokozeka. Ule utando laini wa bakteria unaoganda kwenye shingo ya jino, ambao kabla ya mimba haukuwa ukikusumbua, sasa unatosha kuzifanya fizi zivimbe, ziwe nyekundu na zitoke damu ukipiga mswaki au ukitafuna muwa. Hali hii huwapata zaidi ya nusu ya wajawazito. Hukolea kadiri mimba inavyokua, hufikia kilele karibu na mwezi wa nane, na baada ya kujifungua hupungua.

Kosa linalofuata linaeleweka kabisa. Mama anatema povu jekundu kwenye karai, anashtuka, anaona mswaki unamuumiza, anauweka kando. Siku mbili tatu anasukutua kwa maji tu. Utando unazidi kuganda, fizi zinazidi kuvimba, na siku akirudia mswaki damu inatoka mara mbili ya ile ya kwanza. Sasa ameshaamini kwamba mswaki ndio unaomdhuru. Kumbe fizi zilikuwa zinataka kusafishwa zaidi, ila kwa upole. Tafuta mswaki wenye nywele laini. Ushike kwa vidole, si kwa ngumi, uulaze pale fizi inapokutana na jino, usugue kwa mizunguko midogo. Fanya hivyo asubuhi na usiku kabla ya kulala, kama dakika mbili kila mara. Damu haitakoma siku hiyohiyo, lakini ukidumu na usafi wiki moja au mbili utaiona inapungua. Isipopungua, au ukiona fizi zinaachana na meno na meno yanaanza kucheza, nenda ukaonwe na mtaalamu wa meno.

Baadhi ya wanawake huota kinyama chekundu katikati ya meno mawili, chenye kutoka damu kikiguswa tu. Majirani husema ni saratani, au husema mengine ya kutisha zaidi. Kwa kawaida si saratani. Ni uvimbe unaoletwa na homoni hizohizo ukichangiwa na uchafu wa meno, na aghalabu hunywea wenyewe baada ya mtoto kuzaliwa. Uonyeshe kwa mtaalamu ili uwe na uhakika, na kama unakuzuia kula, ataweza kuutoa.

Bibi zetu waliamini kwamba kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake. Walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa waliona wanawake wakizaa watoto sita na kubaki na mapengo. Lakini mtoto hanyonyi madini kutoka kwenye meno. Kalisi ya kujengea mifupa yake huitoa kwenye chakula cha mama, na chakula kikipungua, kwenye mifupa ya mama. Ndiyo maana dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani vina kazi kubwa kwa mjamzito. Meno yenyewe huharibiwa na mengine: matapishi, vitu vitamu vya kila saa, mswaki ulioachwa kwa sababu ya kichefuchefu, na tundu dogo lililoahirishwa mimba hii, likaahirishwa na inayofuata.

Matapishi yana asidi ya tumboni, nayo hulainisha tabaka la juu la jino. Ukisugua papo hapo, unalikwangua tabaka hilo likiwa bado laini. Baada ya kutapika sukutua kwanza kwa maji, na ikiwezekana maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, ile inayouzwa dukani kwa kuumulia keki. Isiwe magadi ya kuchemshia maharage, ambayo ni makali zaidi. Subiri kama saa moja ndipo upige mswaki. Na kama dawa ya meno ndiyo inayokutapisha, badilisha yenye harufu nyingine, tumia kiasi cha punje ya harage, inamisha kichwa mbele unaposugua meno ya nyuma, na chagua saa ambayo tumbo limetulia, hata kama ni saa nne usiku. Siku zikiwa mbaya kabisa, piga mswaki mkavu bila dawa. Ni bora hivyo kuliko kuacha.

Kuhusu vya kutafuna, siwezi kumlaumu mtu. Hamu ya mimba haina adabu, na anayeicheka hajawahi kubeba. Lakini tujue yanayotokea. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, ukwaju na ndimu ni asidi juu ya asidi ya matapishi. Ubuyu wa rangi umepakwa sukari inayoganda kwenye mikunjo ya magego. Mchele mbichi na udongo, ule wa vipande vya mviringo unaouzwa kwa mafungu sokoni, husaga meno taratibu, na udongo una balaa jingine: huzuia madini ya chuma kufyonzwa na waweza kubeba mayai ya minyoo. Mjamzito mwenye hamu kali ya udongo mara nyingi ana upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie nesi akupime wekundu badala ya kuuficha udongo kwenye pindo la kanga. Vile vingine, kama huwezi kuviacha, uvile pamoja na mlo, kisha sukutua kwa maji. Kinachoumiza meno zaidi ni kudonoadonoa kutwa nzima, kwa sababu kinywa hakipati muda wa kujirekebisha.

Swali la mswaki wa mti huulizwa sana, hasa Pwani na Visiwani. Mswaki wa mti ni mzuri ukitafunwa ncha hadi ilainike na ukapita kila jino, nyuma na mbele. Unachokosa ni floridi iliyomo kwenye dawa ya meno ya dukani, inayoimarisha jino lisitoboke, kwa hiyo ukiweza tumia vyote. Mkaa uliosagwa na chumvi ya mawe viache, vinakwangua. Ukimaliza kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Na kila mtu awe na mswaki wake. Katika nyumba nyingi mama hutumia mswaki mmoja na mume au wanawe, na mara nyingi yeye ndiye anayesubiri hadi wengine wamemaliza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine yote. Kwenye benchi la zahanati moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam niliketi karibu na msichana wa mimba ya kwanza, miezi saba hivi. Alikuwa amejifunga mtandio kupitia kidevuni, shavu la kushoto limevimba, na mdomoni ana punje ya karafuu aliyoibana kwenye gego. Alikuwa na mama mkwe wake. Nilipomuuliza kama amemweleza nesi, alimtazama kwanza mama mkwe. Yule mama akanijibu kwa upole, bila ubaya wowote: "Mwanangu, jino haling'olewi na mimba. Namwambia avumilie, akishajifungua tutampeleka." Msichana alikuwa hajala chakula kigumu tangu juzi yake.

Mama mkwe yule alikuwa anampenda mkwewe, na alimpa alichokijua. Wengi wetu tumefundishwa hivyohivyo: sindano ya ganzi inatoa mimba, eksirei inalemaza mtoto, damu ikimwagika kwa kung'oa jino mama atadhoofika. Na baadhi ya watoa huduma wameikuza hofu hiyo kwa kuwaambia wajawazito "njoo ukishajifungua" hata kwa jambo lisilosubiri. Ukweli ni tofauti. Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Wanawake cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2013 kikisema wazi kwamba matibabu ya kinywa ni salama wakati wote wa ujauzito. Kusafisha meno, kuziba, kung'oa, ganzi ya lidokeini, hata eksirei ya jino inayopigwa kwa kufunikwa inavyotakiwa, vyote vinaruhusiwa. Muda wenye raha zaidi ni miezi ya katikati, kuanzia mwezi wa nne, kichefuchefu kikiwa kimepungua na tumbo halijawa zito. Lakini jino lenye usaha halina mwezi wake, linatibiwa linapouma. Maambukizi yanayosambaa ni hatari kwa mama na mtoto kuliko sindano ya ganzi, na mama asiyekula wala kulala kwa maumivu hamjengi mtoto.

Ukienda kwa daktari wa meno, mtamkie mapema kwamba una mimba na ya miezi mingapi, hata kama bado haionekani. Mwonyeshe kadi yako na umtajie dawa unazomeza. Mimba ikiwa kubwa usilale chali kwa muda mrefu kwenye kile kiti, maana mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na unaweza kuhisi kizunguzungu. Omba kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya nyonga ya kulia ili uegemee kushoto. Jino la zamani lililozibwa kwa zebaki, kama halisumbui, liachwe kama lilivyo hadi baadaye.

Hatari iliyo karibu zaidi na mjamzito mwenye jino bovu iko kwenye duka la dawa, kwa sababu huko ndiko wengi tunakokimbilia kwanza. Paracetamol kwa kipimo sahihi ni salama. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue bila daktari, hasa mimba ikivuka wiki 20, maana zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi ya mwisho huweza kufunga kabla ya wakati mshipa muhimu karibu na moyo wake. Tetrasaikilini na doksisaikilini huingia kwenye meno ya mtoto yanayojengwa tumboni na kuyaachia rangi ya njano au kahawia. Amoksisilini hutumika kwa wajawazito, lakini kwa cheti na kwa kumaliza dozi. Usikubali vidonge vya rangi mbili viwili vitatu vilivyofungwa kwenye karatasi bila kujua jina lake. Karafuu ya yule msichana hutuliza kidogo, ndiyo, lakini haiponyi tundu. Ugoro na aspirini iliyosagwa juu ya jino vinaunguza fizi.

Dalili zifuatazo hazisubiri asubuhi: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo, shida ya kumeza mate au kupumua. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali usiku huohuo. Zahanati haitoshi.

Wapo wanaowatisha wajawazito kwamba fizi mbovu huzaa watoto njiti. Utafiti uliofanywa kwa wazazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 haukuona uhusiano huo. Kwingineko wapo waliouona, ila majaribio makubwa ya kutibu fizi za wajawazito yalionyesha kwamba matibabu ni salama bila kupunguza idadi ya njiti. Kwa hiyo ukizaa kabla ya wakati usijilaumu kwa sababu ya fizi. Tibu kinywa chako kwa kuwa ni chako na kinauma.

Nimetoa maarifa, lakini mama anaweza kuyajua haya yote na bado asitibiwe. Nani anatoa nauli? Nani anaruhusu safari? Nani atabaki na watoto wakati kitengo cha meno kiko hospitali ya wilaya, mwendo wa bodaboda na daladala mbili? Msichana wa miaka 18 aliyeolewa ugenini hawezi kuinuka mwenyewe kwenda kung'oa jino ambalo nyumba nzima imeamua lisubiri. Kwa hiyo baba, mama mkwe, dada wa mume, haya yanawahusu. Mume akiandamana na mkewe siku ya kwanza kupima VVU, kama wengi wanavyofanya sasa, hiyo ndiyo siku ya kuuliza habari za meno naye akiwepo akisikia kwa masikio yake.

Kuhusu fedha, wajawazito wamesamehewa malipo katika vituo vya serikali, lakini usidhani dirisha la meno litakuhudumia bure moja kwa moja. Uliza kabla ya kupanga safari. Kama mna bima ya afya, ulizeni inagharamia nini kwenye kinywa. Asiye na uwezo kabisa aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ndipo msamaha unapoandikwa. Na wahi mapema, kwa sababu vituo vingi vya umma kazi yao kubwa ni kung'oa: watu hufika jino limeshaoza hadi kwenye mshipa, na vifaa vya kuziba havipo kila siku. Tundu dogo la mwezi wa nne bado lina nafasi ya kuzibwa.

Kwa wanaoishi Arusha, Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa nina neno la ziada. Maji ya visima na chemchemi nyingi za huko yana floridi kupita kiasi, na ndiyo inayowapa watu meno ya kahawia ambayo wengi huyaonea haya hata kucheka. Kuyachemsha hakusaidii, huyakoleza. Magadi kwenye maharage na makande huongeza floridi nyingine. Lakini maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata kama yeye mwenyewe ananywa maji hayo, hivyo kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita kunamkinga. Akianza uji, umkorogee kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa linalotumika kupunguza floridi katika maeneo hayo.

Mtoto akizaliwa, bakteria wanaotoboa meno humfikia kupitia mate, na mara nyingi ni ya mama: kumtafunia chakula, kuonja uji kwa kijiko chake, kulamba chuchu ya plastiki iliyoanguka. Ndiyo sababu nyingine ya kuziba matundu yako kabla hajazaliwa. Mpanguse fizi kwa kitambaa safi chenye unyevu, na jino la kwanza likitokeza, karibu na mwezi wa sita, anza mswaki mdogo.

Lipo la mwisho, na naliandika sasa, ukiwa bado na mimba, ili lisikukute umechoka na unauguza. Mtoto wa miezi michache akishikwa na homa na kuharisha, kuna mtu atakuja kumfunua mdomo, ataona vivimbe vyeupe kwenye fizi na kusema ana meno ya plastiki. Imani hii imetapakaa kwetu tangu miaka ya 1980. Atapelekwa kwa mtu wa kuyakwangua kwa spoku ya baiskeli, sindano ya kushonea au kucha. Vile vivimbe ni meno yake ya chonge yanayokua chini ya fizi, kila mtoto anayo. Watoto wametokwa damu hadi kufa, wamepata pepopunda, wamekatwa kwa vyuma vilivyotumika kwa wengine, na waliopona wengine walikua bila chonge za utu uzima. Homa na kuharisha vilibaki palepale bila kutibiwa. Zungumza na mama yako na mama mkwe wako kabla ya kujifungua, mkiwa mmetulia. Mkubaliane kwamba mtoto akiugua hivyo mtampa ziwa na ORS na kumkimbiza kituoni kupimwa malaria. Bibi akisisitiza meno, mwende naye, ayaonyeshe mwenyewe kwa mganga wa kituo na kuyasikia majibu ya kipimo.